Utakatifu Katika Nyumba Yenye Watoto

Wako wanandoa wanaotaka kuishi nyumbani kama watawa. Mume anafunga na kukesha kanisani, huku mkewe akihangaika peke yake na mtoto mwenye homa. Nia ni njema, lakini mzigo umemwangukia mwingine.

Tuwatazame Louis na Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Kila mmoja wao alitamani utawa, akakataliwa. Walipooana mwaka 1858 waliishi kama kaka na dada kwa miezi 10 hivi, mpaka padre alipowashauri waache. Wakajaliwa watoto 9. 4 walifariki wakiwa wadogo. Zélie alikuwa na biashara ya lesi, na mwaka 1870 Louis aliuza duka lake la saa ili amsaidie. (Ni waume wangapi kwetu wangekubali hilo?) Misa ya alfajiri hawakuiacha. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu, wote wawili siku moja.

Basi kabla hujaahidi mfungo au mkesha, mwulize mwenzako kama nyumba itaweza kuubeba wiki hiyo. Akikuambia mtoto anaumwa, ahirisha mkesha, umpokee mtoto, naye alale kidogo.