Ada za Vyama vya Wafanya Kazi: Nani Alipe, na Nani Aweza Kukataa?

Zipo methali mbili ambazo kila mtu mzima amepata kuzisikia. Ya kwanza yasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Ya pili yasema, "Hiari yashinda utumwa." Watu huzitaja zote mbili bila kufikiri kwamba siku moja zaweza kugombana. Lakini katika jambo la ada za vyama vya wafanya kazi zimegombana kweli, hata ugomvi ukafika mbele ya majaji wakubwa. Katika somo hili tutaeleza habari za shauri mashuhuri lililokatwa Marekani mwaka 2018. Kisha tutatazama sheria ya Kenya inasema nini juu ya jambo hilo hilo, ili kila mtumishi wa umma, awe mwalimu, karani, mwuguzi au mfagiaji wa barabara, ajue haki yake na wajibu wake.

ADA NI KITU GANI

Chama cha wafanya kazi ni umoja wa watu wanaofanya kazi ya namna moja au kwa mwajiri mmoja. Mtumishi akienda peke yake kuomba nyongeza ya mshahara, ni rahisi kuambiwa arudi kazini. Wakienda wajumbe kwa niaba ya watumishi elfu moja, hapana budi wasikilizwe. Wajumbe hao hukaa na mwajiri, hujadiliana naye, na wakipatana huandika mapatano juu ya mishahara, saa za kazi, likizo na mambo mengine.

Kazi hiyo ina gharama. Ofisi hulipiwa kodi, makarani hutaka mshahara, wajumbe husafiri, na shauri likifika mahakamani mwanasheria hafanyi kazi bure. Fedha za mambo hayo hutoka kwa wanachama wenyewe, nazo ndizo huitwa ada. Zamani wajumbe walisimama mlangoni siku ya mshahara wakipokea senti mkono kwa mkono, na wengine walipita njia ya nyuma wasikutane nao. Siku hizi, mahali pengi, mwajiri huikata ada katika mshahara kabla haujamfikia mwenyewe, kisha huipeleka kwa chama.

Mpaka hapo jambo ni jepesi: aliyejiunga hulipa, asiyejiunga halipi. Lakini mapatano yakiisha kuandikwa, mara nyingi huwahusu watumishi wote wa daraja ile, waliojiunga na wasiojiunga. Nyongeza ikija, wote huipokea. Tufananishe na josho la ng'ombe. Wenye mifugo kumi wamechanga fedha, wamejenga josho na kununua dawa. Jirani wa kumi na moja hakuchanga, naye kila juma huleta ng'ombe wake. Wale kumi watanung'unika. Lakini huenda jirani naye akajibu, "Mimi sikuombwa shauri. Mahali mlipojenga si pazuri, na dawa mliyonunua siitaki." Je, alazimishwe kulipa? Hilo ndilo swali lililofikishwa mbele ya majaji wa Marekani.

NJIA YA KATIKATI YA MWAKA 1977

Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la walimu wa mji wa Detroit, lijulikanalo kwa jina la Abood. Majaji walitafuta njia ya katikati. Walisema mtumishi wa umma asiyetaka kuwa mwanachama aweza kutozwa sehemu ya gharama za kujadiliana na mwajiri na kuyalinda mapatano, kwa kuwa naye hupata faida. Lakini hawezi kulazimishwa kulipia mambo ya siasa yasiyohusu kazi hiyo, kama vile kumsaidia mtu anayegombea kiti. Malipo hayo ya asiye mwanachama tutayaita hapa ada ya uwakilishi. Majimbo zaidi ya ishirini yaliiruhusu kwa watumishi wa umma, na njia hiyo ilifuatwa kwa miaka 41.

SHAURI LA BWANA JANUS

Katika jimbo la Illinois alikuwako mtumishi wa serikali ya jimbo aitwaye Mark Janus. Kazi yake ilihusu fedha ambazo wazazi hutakiwa kutoa kwa matunzo ya watoto wao. Chama kilichosema kwa niaba ya watumishi wa daraja lake kilikuwa AFSCME, ambacho ni chama kikubwa cha watumishi wa majimbo, wilaya na miji. Bwana Janus hakujiunga nacho. Hata hivyo, kila mwezi zilikatwa katika mshahara wake dola 44 na senti 58, yaani kiasi cha sehemu 78 katika kila 100 za ada kamili.

Malalamiko yake hayakuwa juu ya fedha tu. Alisema jimbo lake lilikuwa katika shida kubwa ya fedha, naye hakukubaliana na mambo ambayo chama kilikuwa kikiyadai. Mishahara ya watumishi wa umma hutoka katika kodi za wananchi. Kwa hiyo, alisema, kujadiliana na serikali juu ya mishahara ni kusema juu ya matumizi ya kodi, na hilo ni jambo la siasa. Kumtoza mtu fedha ili chama kiseme jambo asilolikubali ni sawa na kumlazimisha aliseme kwa kinywa chake mwenyewe.

Shauri lilianzishwa mwaka 2015 na Gavana wa jimbo, Bruce Rauner, lakini mahakama ikaona kwamba Gavana si mtu aliyedhurika, kwa kuwa yeye hakatwi ada hiyo. Ndipo Bwana Janus akasimama kuwa mwenye madai. Tarehe 27 Juni 2018 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu. Majaji watano walikuwa upande wa Bwana Janus, na wanne walimpinga.

Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alisema hukumu ya mwaka 1977 ilikuwa na kosa, na sasa imefutwa. Kumtoza asiye mwanachama kunavunja haki ya kusema iliyomo katika Katiba ya Marekani. Tangu siku hiyo, mtumishi wa umma asikatwe hata senti moja kwa ajili ya chama ila awe amekubali mwenyewe waziwazi. Juu ya ile hoja ya mtu anayepanda gari bila nauli, Jaji alijibu kwamba Bwana Janus amfanana zaidi na mtu aliyetiwa chomboni kwa nguvu katika safari asiyoitaka.

Jaji Elena Kagan aliandika maoni ya wale wanne. Alisema njia ya katikati ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa miaka mingi, na kwamba sheria za majimbo mengi na maelfu ya mapatano vilijengwa juu yake. Tena, chama kinachowawakilisha watumishi wa daraja fulani hulazimishwa na sheria kumtendea kwa haki hata asiye mwanachama. Ikiwa chama hakina ruhusa ya kumwacha mtu huyo, na mtu huyo ana ruhusa ya kutolipa, wengi watapenda kupata faida bila gharama, hata wale ambao mioyoni mwao wanakipenda chama.

Msomaji ataona kwamba pande zote mbili zina maneno mazito. Ndiyo sababu majaji tisa, watu wenye elimu kubwa, waligawanyika watano kwa wanne.

YALIYOFUATA

Ada ya uwakilishi kwa watumishi wa umma ilikoma katika nchi nzima. Vyama vilipoteza mara moja malipo ya wasio wanachama, na baadhi ya wanachama nao walitoka. Wako waliobashiri kwamba vyama vitakufa. Havikufa. Hesabu za serikali ya Marekani zaonyesha kwamba mwaka 2017, kabla ya hukumu, watumishi wa umma waliokuwa wanachama walikuwa 34.4 katika kila 100. Mwaka 2023 walikuwa 32.5. Wamepungua, lakini walio wengi walikaa, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi.

Jambo la pili lafaa kukumbukwa na kila atiaye sahihi karatasi. Katika jimbo la Washington, lililoko magharibi mwa nchi hiyo, watumishi kadhaa walikuwa wametia sahihi kadi za kukubali kulipa ada kwa mwaka mzima. Hukumu ya Janus ilipotoka, walitaka makato yakome mara moja. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika shauri liitwalo Belgau, iliwaambia kwamba hukumu ile humlinda asiyekubali, bali aliyekubali kwa sahihi yake hufungwa na ahadi yake mpaka muda wake utimie.

SHERIA YA KENYA

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama cha wafanya kazi, kujiunga nacho na kushiriki katika kazi zake. Kifungu cha 36 husema mtu asilazimishwe kujiunga na chama cha namna yoyote. Basi methali zetu mbili zimo humo zote.

Njia yenyewe imeelezwa katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Kwa kifungu cha 48, Waziri aweza kumwamuru mwajiri akate ada za wanachama na kuzipeleka kwa chama. Mfanya kazi akitaka kutoka, humwandikia mwajiri barua kwamba amejiuzulu katika chama. Barua hiyo huanza kazi mwezi unaofuata ule ambao imetolewa. Kwa mfano, barua ikitolewa tarehe 10 Machi, kujiuzulu huanza Aprili. Mwajiri naye hupaswa kukipelekea chama nakala ya barua.

Lakini wengi hawajui yaliyomo katika kifungu cha 49. Ikiwa chama kimefanya mapatano na mwajiri, na mapatano hayo yameandikishwa mahakamani, nayo yanawahusu watumishi wote wa daraja ile, Waziri aweza kuamuru kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakilishi. Hapo ndipo sheria ya Kenya inapotofautiana na hukumu ya Janus. Mtumishi wa umma wa Illinois akikataa chama, halipi kitu. Mtumishi wa Kenya akitoka katika chama, huenda akaendelea kukatwa fedha, maana ada ya uanachama imekoma lakini ada ya uwakilishi imeanza. Naye sasa analipa bila kuwa na kura katika mikutano ya chama. Mtu asiyejua jambo hilo hushangaa akitazama karatasi yake ya mshahara.

MASHAURI KWA MTUMISHI

Kabla ya kujiunga, isome fomu yote, na kama Kiingereza chake ni kigumu, mwombe mtu unayemwamini akusomee. Uliza ada ni kiasi gani na mtu hutokaje. Weka nakala.

Kabla ya kutoka, jiulize sababu yako. Ikiwa fedha za chama hazijulikani zinakokwenda, basi dai kuonyeshwa hesabu zilizokaguliwa, maana chama ni mali ya wanachama. Ikiwa viongozi hawafai, hudhuria mkutano na upige kura. Anayetoka hupoteza kura yake, na wale wale viongozi asiowapenda hubaki. Jiulize pia nani atasimama nawe siku utakapoitwa mbele ya wakubwa kujibu mashtaka kazini.

Lakini ukiisha kufikiri na ukaona ni vema kutoka, basi andika barua, tia tarehe na sahihi, na uweke nakala iliyopigwa mhuri ya kupokelewa. Asikutishe mtu yeyote. Vile vile, mkubwa wa kazi asikushawishi utoke kwa ahadi ya cheo au kwa kukuogopesha, kwa kuwa uamuzi huo ni wako.

Viongozi wa vyama nao wana somo lao. Wanachama wanaokaa kwa sababu mlango umefungwa si nguvu ya kweli. Chama kinachosoma hesabu zake mbele ya watu, kinachojibu barua, na ambacho mjumbe wake hufika hata katika zahanati ya mwisho wa barabara, hakitaogopa mlango wazi. Vidole vinavyokutana kwa hiari ndivyo vinavyovunja chawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Jirani asiyechanga fedha za josho atendewe nini? Toa sababu za pande zote mbili.

2. Kwa nini majaji walio wengi katika shauri la Janus waliona kwamba mshahara wa mtumishi wa umma ni jambo la siasa?

3. Mwalimu ametoa barua ya kujiuzulu katika chama tarehe 28 Agosti. Kujiuzulu huanza mwezi gani? Je, ni lazima makato yote yakome?

4. Kama una haki ya kutoka katika chama chako, ni mambo gani matatu yangekufanya ukae?