Moto, Moshi na Mlango: Somo la Kinga ya Moto kwa Shule za Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa Mwera huvuma kutoka upande wa kusini juu ya Ziwa Nyasa. Hayo ndiyo majira ambayo nyasi zimekauka, na cheche moja iliyorushwa kutoka kwenye mafiga yaweza kufika kwenye paa la nyumba ya jirani kabla mwenye jiko hajageuka. Ngumbo imo katika mwambao huo, kaskazini ya Liuli, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga na ambalo sasa ni la Wilaya ya Nyasa. Kutoka Songea, makao makuu ya mkoa, hadi Mbamba Bay pekee ni zaidi ya kilometa 150. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipigwe bila kuchelewa, lakini katika dakika za kwanza moto hukabiliwa na wale waliopo. Shuleni, waliopo ni watoto.

Mara nyingi mafundisho yetu huishia katika katazo moja: usichezee moto. Katazo hilo halimfai mtoto ambaye kila jioni huwasha kuni, hupika ugali na kusoma kwa koroboi. Yeye tayari anafanya kazi na moto. Anachokosa ni kuujua ulivyo.

Ili moto uwake, vitu vitatu lazima vikutane: kitu kiunguacho, hewa ya oksijeni na joto la kutosha. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Mwalimu anaweza kulidhihirisha jambo hili kwa karatasi ya daftari. Ikunjwe iwe kama kisanduku, itiwe maji hadi nusu, kisha ishikwe juu ya mshumaa ili mwali uguse kitako tu, chini ya usawa wa maji. Karatasi haitawaka. Maji hulichukua joto, na kwa kuwa yakichemka hayapiti nyuzi 100 za sentigredi, karatasi haifikii joto la kuungua, ambalo ni zaidi ya nyuzi 200. Ndivyo maji yanavyouzima moto wa kuni. Ama kuhusu kuondoa kitu kiunguacho, mfano mzuri uko milimani kwa Wamatengo: katika kilimo cha ngoro majani hukatwa, hupangwa na kufukiwa kwa udongo bila kuchomwa. Ni mbolea, na pia ni nyasi ambazo upepo hautakuta zikisubiri cheche.

Maji hayafai kwa kila moto. Mafuta ya taa na petroli ni mepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake yakiendelea kuwaka na kusambaa. Hapo mchanga ndio dawa, kwa sababu huziba hewa. Na mchanga ni kitu ambacho mwambao huu haukosi. Ndoo mbili zilizojaa mchanga mkavu, zikikaa nje ya jiko la shule, zina thamani kubwa kuliko matangazo mengi ya ukutani.

Jambo la petroli lahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa wavuvi wenye injini za boti huihifadhi, na wengine huiweka ndani ya nyumba katika madumu yanayofanana na yale ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni bila kuonekana hadi ukutane na mafiga. Koroboi iliyotiwa petroli kidogo kwa bahati mbaya yaweza kulipuka mkononi. Hili lifundishwe kwa maelezo tu. Lisijaribiwe kamwe darasani.

Sasa tuje kwenye bweni. Mwaka 1994 wasichana 42 walikufa katika moto wa Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa, na iliripotiwa kuwa chanzo kilikuwa mshumaa. Huko Kyanguli, Kenya, mwaka 2001, moto uliowashwa kwa makusudi uliwaua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo.

Katika mioto ya nyumba, moshi huua wengi hata kabla ya mwali kuwafikia. Ndani yake imo gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mshike mwanafunzi aliyelala na gesi hiyo, wala hataamka kukohoa. Moshi wa moto hupanda kwanza na kujaza dari. Kwa hiyo hewa iliyo bora imo karibu na sakafu, na mtoto afundishwe kutambaa akifuata ukuta mpaka mlangoni. Nguo ikishika moto, asikimbie: alale chini na kuviringika. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pasipo kupakwa mafuta wala dawa ya meno.

Mwisho, darasa lifanye kipimo. Wanafunzi walale bwenini, au waketi darasani, macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa. Filimbi ipulizwe, na mmoja ahesabu sekunde hadi wa mwisho atoke na majina yaitwe chini ya mti uliochaguliwa. Kisha warudie mlango mmoja ukiwa umefungwa. Walinganishe hesabu mbili hizo, waangalie kama mlango hufunguka kwa ndani au kwa nje na kundi linapousukuma hutokea nini, halafu wamwulize mwalimu wa zamu: usiku, ufunguo hukaa kwa nani?