Je, Vidonge vya Vitamini Huzuia Nywele Kunyonyoka?

Mada: Lishe

Watahiniwa wengi hukariri majina ya vitamini na magonjwa ya upungufu wake, kisha hukwama pale swali linapowataka kupima dai. Somo hili litakuzoeza kazi hiyo. Soma swali kwanza, kisha tulijenge jibu hatua kwa hatua.

Swali: Mwanafunzi aliugua malaria kali mwezi Machi, akapona. Mwezi Juni nywele zake zilianza kunyonyoka kwa wingi. Mwezi Julai alianza kumeza vidonge vya bayotini, yaani vitamini B7. Kufikia Oktoba nywele zilikuwa zimeacha kunyonyoka. Akahitimisha kuwa vidonge ndivyo vilivyomponya. Tathmini hitimisho lake. (Alama 10)

1. Unywele hukua vipi?

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hupitia vipindi vitatu: ukuaji (miaka 2 hadi 6), mpito (wiki 2 hadi 3) na mapumziko (takribani miezi 3). Mapumziko yakiisha, unywele hudondoka na mwingine huota mahali pake. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Homa kali, kujifungua, upasuaji au kupungua uzito ghafla huweza kuingiza nywele nyingi katika mapumziko kwa wakati mmoja. Matokeo yake hayaonekani siku za ugonjwa, bali miezi 2 hadi 3 baadaye. Chanzo kikishaondoka, kwa kawaida hali hukoma yenyewe ndani ya miezi 6 hivi.

Sasa hesabu: kutoka Machi hadi Juni ni miezi mingapi?

2. Kunyonyoka si kukatika

Unywele ulionyonyoka hutoka na kitone cheupe kwenye ncha ya mzizi. Unywele uliokatika hauna kitone hicho. Umevunjika njiani, mara nyingi kwa sababu ya dawa kali za kulainisha au joto la pasi ya nywele. Kusuka kwa kubana sana hung'oa nywele za pembeni mwa paji la uso, na mapunye husababishwa na fangasi. Hakuna vitamini inayolegeza msuko au kuua fangasi.

3. Kidonge husaidia lini?

Shika kanuni hii: kirutubisho cha ziada hurekebisha upungufu. Pasipo upungufu, hakina cha kurekebisha.

(a) Bayotini. Mtu mzima huhitaji takribani mikrogramu 30 kwa siku, nazo hupatikana katika kiini cha yai, maini na karanga. Upungufu wake ni nadra. Huweza kumpata mtu anayekula mayai mabichi mengi kwa muda mrefu, kwa kuwa ute mweupe una avidini, protini inayoishika bayotini isifyonzwe. Kupika yai huondoa tatizo hilo.

(b) Chuma. Upungufu wake ni wa kawaida zaidi, hasa kwa wasichana wanaotokwa na damu nyingi ya hedhi, na huweza kuchangia nywele kunyonyoka. Vyanzo vyake ni maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Chungwa au limau pamoja na mlo husaidia chuma kufyonzwa. Chai pamoja na mlo hupunguza.

(c) Protini. Unywele hujengwa kwa keratini, ambayo ni protini. Mtoto mwenye kwashiakoo huwa na nywele nyepesi, zenye wekundu, zinazong'oka kirahisi.

4. Madhara ya kuzidisha

Vitamini A huyeyuka katika mafuta na huhifadhiwa kwenye ini. Ikizidi mno, yenyewe husababisha nywele kunyonyoka. Bayotini huyeyuka katika maji, na ziada yake hutoka kwa mkojo. Hata hivyo, vidonge vingi vya nywele huwa na mikrogramu 5,000 au zaidi. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa kiasi kikubwa cha bayotini huweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya mshtuko wa moyo.

5. Mwongozo wa jibu

- Hitimisho halijathibitishwa na maelezo yaliyotolewa. (alama 1)
- Muda wa miezi 3 kati ya malaria na kunyonyoka unalingana na athari ya homa kali. (alama 2)
- Hali hiyo kwa kawaida hukoma yenyewe. Oktoba iko ndani ya muda huo. (alama 2)
- Hakupimwa kuonyesha kuwa alikuwa na upungufu wa bayotini, nao ni nadra. (alama 2)
- Hakukuwa na kundi linganishi: watu waliougua vilevile ila hawakumeza vidonge. (alama 2)
- Kutangulia kwa jambo moja si uthibitisho kuwa ndilo lililosababisha la pili. (alama 1)

Makosa ya kuepuka

- Kuandika kuwa "vitamini hazisaidii nywele kabisa." Anayepungukiwa husaidika.
- Kuita chuma vitamini. Chuma ni madini.
- Kuandika kuwa "vitamini haina madhara."

Nje ya chumba cha mtihani kanuni ni ileile. Nywele zako zikinyonyoka kwa wingi, nawe unachoka upesi au unasikia kizunguzungu, nenda kituo cha afya upimwe damu kabla ya kununua kidonge chochote. Kidonge kisichohusika kinaweza kuchelewesha tiba ya upungufu wa damu ambao ungegunduliwa mapema.

Zoezi: Panga jaribio la miezi 6 litakaloonyesha kama bayotini hupunguza kunyonyoka kwa nywele kwa watu wasio na upungufu wake. Taja kundi linganishi, mambo matatu utakayoyalinganisha kati ya makundi, na namna utakavyohesabu nywele. (Alama 8)