Mtoto Mzito wa Kusoma: Apimwe Kwanza, Asiitwe Mvivu

Mzazi, huenda unaye mtoto wa namna hii. Madrasa amehifadhi sura nyingi kwa kusikiliza, dukani hakosei chenji, lakini mstari mmoja wa kitabu cha gredi ya nne unamtoa jasho. Huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake. Si uvivu wala upungufu wa akili.

Je, apimwe? Hapa watu hutofautiana.

Wapo wanaohofia kwamba tathmini itamtia mtoto alama. Lakini asiyepimwa huwa tayari ameshapewa jina darasani, tena jina lisilomletea msaada.

Wapo wanaosema muda wa ziada kwenye mtihani ni upendeleo. Maswali ni yaleyale na usahihishaji ni uleule. Anachoongezewa ni nafasi ya kusoma swali, si alama.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: mtoto anaweza kupimwa vibaya. Mtoto wa Jego anayezungumza Kidigo nyumbani hukutana na Kiingereza shuleni. Akikwama kwa Kiingereza pekee, huenda shida ni lugha. Disleksia humfuata mtoto katika kila lugha anayosoma. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, anaweza kukisoma bila makosa mengi lakini polepole mno. Kwa hivyo, mweleze anayempima lugha ya nyumbani, na mtoto akaguliwe macho na masikio kwanza.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Kenya ina vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, EARC, tangu 1984. Baraza la Mitihani, KNEC, nalo lina utaratibu wa kuwasaidia watahiniwa wenye ulemavu, kama vile muda wa ziada, maandishi makubwa au Breli. Disleksia haionekani kwa macho. Bila ripoti ya tathmini, shule haina cha kuonyesha.

Hatua za kufuata:

1. Zungumza na mwalimu wa darasa. Uliza mtoto anakwama wapi, na kwa lugha gani.
2. Mpeleke akaguliwe macho na masikio.
3. Mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kituo cha EARC.
4. Tunza ripoti na upeleke nakala shuleni mapema, kabla ya usajili wa mtihani.

Usingoje gredi ya sita. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini chekechea ni jukumu la kaunti, na huko ndiko dalili huanzia: mtoto hashiki majina ya herufi, au hatambui kwamba "mama" na "maji" huanza kwa sauti moja. Ukiona hivyo, mwambie mwalimu wa chekechea muhula huu huu.