Somo la Ufundi: Kutia Nyaya Mpya katika Land Rover ya Zamani

Katika magereji ya mashamba ya chai, miwa na mkonge bado zimo Land Rover za Series III. Aina hii ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata ile changa kabisa imefikia miaka 40. Injini hufufuliwa, chesisi huchomelewa, lakini nyaya husahauliwa. Plastiki yake imekauka na kupasuka, panya wametafuna, na kila fundi aliyepita ameongeza kipande chake cha waya wa redio na kukifunga kwa tepu. Gari hilo ndilo linalobeba wachumaji saa za magharibi, na ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku. Taa za nyuma zikizimika njiani, lori linalokuja nyuma halina habari kwamba kuna watu mbele.

Viraka vikishazidi, hakuna haja ya kuongeza kingine. Tita zima la nyaya, au wayaringi kama mafundi wengi wasemavyo, litolewe na jipya litiwe. Kazi hii haihitaji mashine yoyote. Inahitaji subira na kuzijua rangi.

Kabla ya kuagiza tita jipya, tazameni gari lenyewe. Je, ni la dizeli au petroli? Lina dinamo au alteneta? Usukani uko upande gani? Swali hili la mwisho tunalitilia mkazo kwa sababu magari huvuka mipaka. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia usukani huwa kulia, lakini Burundi, Rwanda na Kongo huwa kushoto. Tita lililokatwa kwa usukani wa kushoto huenda lisifike panapotakiwa katika gari la usukani wa kulia, na duka halitarudisha fedha.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza fungueni betri, na mwanzo utoke kwenye ule waya mnene unaokwenda kwenye bodi. Sababu yake ni hii: ukianza na ule mwingine, na spana yako ikagusa bodi, hapo hapo umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Ukianza na wa bodi, spana ikigusa bodi hakuna kitu. Pete na saa ya chuma vivuliwe pia. Katika Series III waya wa bodi hutoka kwenye hasi. Land Rover za kabla yake, yaani Series II na zile IIA za mwanzo, zilifungwa kinyume, chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Kwa hiyo msifuate mazoea, someni alama ya betri.

Tita la zamani lisikatwe vipande. Kila waya unapofunguliwa ufungiwe kikaratasi chenye jina la ulikotoka, kisha tita zima lilazwe sakafuni na jipya kando yake. Hapo mtaona matawi yanavyolingana. Lile linalokwenda nyuma hupita ndani ya chesisi, na hapa wengi hukwama. Kabla ya kulivuta, fungieni kamba ngumu kwenye mwisho wake. Tita likitoka kamba inabaki ndani, na kwa kamba hiyo mtavuta jipya.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo penye elimu. Magari ya Kiingereza ya miaka ile yalifuata utaratibu mmoja. Waya wa kahawia hutoka betri moja kwa moja bila fyuzi, una umeme saa zote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mweupe hupata umeme ufunguo ukishawashwa. Kijani ni ule mweupe uliokwisha pita kwenye fyuzi: unalisha indiketa, vipangusa kioo, geji na taa za breki. Zambarau umepita kwenye fyuzi lakini hautegemei ufunguo. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo za mbele na nyuma, na mweusi ni ethi, yaani unakwenda kwenye bodi.

Waya wenye rangi mbili husomwa kwa rangi kubwa kwanza, kisha mstari. Buluu wenye mstari mweupe ni taa kubwa za mbali, wenye mstari mwekundu ni za kuinamisha. Kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ya kulia, kijani na zambarau ni taa za breki.

Fundi umeme wa nyumba awe mwangalifu hasa. Nyumbani amezoea kwamba kijani, au kijani na njano, ni ethi. Katika gari hili kijani una umeme! Akiufunga kwenye bodi, fyuzi itaungua kila akiwasha ufunguo, naye atalaumu fyuzi.

Na fyuzi ikiungua, tafadhali, msitie msumari wala karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Fyuzi ndiyo inayoulinda waya. Tufanye hesabu ndogo: taa mbili kubwa za wati 60 kila moja ni wati 120, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Waya wa nyuzi 14 zenye unene wa milimita 0.30 umekadiriwa ampea 8.75, basi hautoshi, utapata moto. Waya wa nyuzi 28 hubeba ampea 17.5, huo unafaa. Jambo lingine lisilojulikana sana: fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni nusu tu, ampea 17.5. Viwanda vingine huandika ule mzigo wa kudumu. Ukinunua ya namna hiyo yenye 35, umetia ulinzi mara mbili ya unaotakiwa, na waya utaungua kabla ya fyuzi.

Kufunga kuanzie nyuma ya dashibodi kwenda nje. Kila tundu la chuma linalopitisha nyaya litiwe raba yake. Bila raba, mtikisiko wa barabara za shamba utakata plastiki kama kisu. Tita likae mbali na ekzosi na pedeli.

Ethi zinataka mkono wa subira kuliko vyote. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na madini haya mawili yakikutana na maji hufanya unga mweupe unaozuia umeme. Kwangueni mpaka pang'ae, tieni waya, kazeni, halafu pakeni grisi. Mkiona breki ikikanyagwa taa nyingine zinafifia au indiketa inawaka nusunusu, msitafute mbali, ni ethi.

Hapa tuseme neno kuhusu haki. Si kazi ya kumpa utingo jioni kwa mshahara wa utingo. Anayefanya kazi ya fundi umeme apewe daraja lake, na mwakilishi wa tawi alisimamie hilo. Vifaa navyo si juu yenu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Na dereva aandike ubovu wa taa katika daftari la gari, kwa tarehe, kila safari. Askari akilisimamisha gari lisilo na taa, huulizwa dereva. Daftari litaonyesha nani aliambiwa, na lini.

Kazi ikiisha, betri isiunganishwe papo hapo. Zimeni kila kitu, kisha wekeni balbu ya wati 21 kati ya nguzo ya betri na waya wake mnene. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali, na balbu imewaokoa, kwani haipitishi hata ampea 2. Tafuteni waya uliogusa bodi. Isipowaka, unganisheni betri na mjaribu taa moja moja. Za breki zijaribiwe na watu wawili, mmoja kwenye pedeli na mwingine nyuma ya gari, kwanza taa nyingine zote zikiwa zimezimwa, kisha zote zikiwa zimewashwa.