Kusafisha Injini ya Pikipiki Ipozwayo kwa Upepo

Wako waendeshaji wa pikipiki wasuguao tangi na taa kila asubuhi hata zikang'aa kama kioo, lakini injini yenyewe huiacha imevaa koti la matope na oili. Huko ni kutunza nguo na kuusahau mwili.

Katika motakaa nyingi injini hupozwa kwa maji yapitayo katika rejeta. Pikipiki nyingi ndogo hazina rejeta, hutegemea upepo. Ndivyo zilivyokuwa BSA Bantam za Uingereza, zilizotengenezwa tangu mwaka 1948 hadi 1971, na ndivyo zilivyo nyingi za bodaboda zilizoenea Kenya baada ya mwaka 2008. Ukitazama ubavuni mwa silinda utaona vipande vyembamba vya madini vilivyopangika kama kurasa za kitabu. Hapa tutaviita mapezi, kwa kuwa vyafanana na mapezi ya samaki. Havikuwekwa kwa urembo.

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la moto wake hupita nyuzi 2000 za Selsiasi, na alumini iliyotumika kuifanya pistoni huyeyuka kwa nyuzi zipatazo 660 tu. Pistoni husalimika kwa sababu joto huondolewa upesi: sehemu hutoka na moshi, sehemu hubebwa na oili, na sehemu hupita katika ukuta wa silinda hadi kwenye mapezi, upepo ukalichukua. Mapezi ni mengi ili upepo upate mahali papana pa kugusa. Basi matope yakiganda katikati yake, upepo haupiti, na joto hurudi ndani. Oili huwa nyepesi mno, pistoni hupanuka, na mwisho huikwaruza silinda au hukwama kabisa. Hapo mtu aliyenunua pikipiki kwa mkopo hubaki kituoni akiwatazama wenzake wakipakia abiria, na siku ya kulipa deni haimngoji.

Kazi ya kusafisha yataka injini iliyopoa kabisa. Kumwagia maji baridi injini iliyotoka safarini ni hatari, kwa maana madini yenye moto yakipozwa ghafula huweza kupinda au kupasuka, na mvuke huunguza mikono. Acha plagi mahali pake ili uchafu usiingie katika silinda. Ziba mdomo wa kichujio cha hewa kwa mfuko wa plastiki, na bomba la moshi kwa kitambaa, nawe ukumbuke kuviondoa kabla ya kupiga kiki.

Kwanza kwangua matope makavu kwa kijiti cha mwanzi, ambacho huingia kati ya mapezi bila kuyavunja. Kisha paka mafuta ya taa kwa brashi ya nywele ngumu, ngoja kidogo hata oili ilegee, usugue, halafu uoshe kwa maji ya sabuni. Petroli isitumike kamwe. Mvuke wake hutambaa chini hata kufikia jiko au sigara iliyo mbali. Tena usiipeleke pikipiki mtoni. Mafuta yatokayo hapo huchafua maji ambayo watu na ng'ombe huyanywa.

Ile soda kali itumikayo kupikia sabuni huondoa mafuta kweli, lakini huila alumini yenyewe, na asidi ya betri vivyo hivyo. Brashi ya waya wa chuma pia huikwaruza alumini. Heri waya laini wa shaba.

Sasa tuje kwenye rangi, ambapo wengi hupotea. Alumini haihitaji rangi. Hufanya unga mweupe, hasa pwani penye chumvi hewani, lakini hailiki kwa kutu kama chuma. Kuisugua na kuikausha kwatosha. Silinda ya chuma ndiyo ihitajiyo kupakwa. Nunua rangi maalumu ya kustahimili joto, nyeusi ikipatikana, wala si ile ya milango, ambayo hubabuka na kutoa harufu mbaya. Ondoa kutu na mafuta yote, funika plagi na sehemu zisizotakiwa rangi, upulize tabaka nyembamba mahali penye hewa. Nyembamba, twasema, kwani rangi nene ni blanketi jingine. Rangi za namna hii nyingi hukomazwa kwa moto: washa injini dakika chache, izime ipoe, kisha uiwashe muda mrefu zaidi, ukifuata maagizo ya kopo. Moshi kidogo siku hiyo si ajabu.

Vifuniko vya pembeni waweza kuving'arisha upendavyo, maana havina kazi kubwa ya kupoza. Lakini dawa ya kung'arisha isiguse breki.

Faida nyingine ya injini safi ni kwamba husema ukweli. Baada ya siku tatu za kazi, itazame pale silinda inapokutana na kichwa chake. Ukiona unyevu mpya wa oili hapo, huenda gasketi imechoka au nati zimelegea. Usizikaze kwa kukisia. Mpelekee fundi mwenye spana ya kupima nguvu.