Chumvi Ilayo Chuma

Kila mtu ajua kwamba chuma kikiachwa penye umande hushika kutu. Lakini kisu cha chuma kisichoshika kutu hung'aa miaka mingi. Sababu ni hii: ndani yake imechanganywa madini iitwayo kromi, nayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio nguo ya chuma.

Lakini ziko chumvi zivuazo chuma nguo yake. Hata chumvi ya jikoni ikitiwa katika moto wa digrii 801 huyeyuka kama maji. Chumvi za namna nyingine, ziitwazo floraidi, zikiyeyuka huuondoa utando ule. Kisha huitoa kromi yenyewe, chembe kwa chembe, na chuma hubaki na vitundu ndani, kama mti ulioliwa na mchwa.

Huko Oak Ridge, katika Marekani, mwaka 1965 wataalamu waliwasha mtambo wa nguvu za atomi. Ndani yake zilizunguka floraidi zilizoyeyuka, zenye urani, kwa moto wa digrii 650 hivi. Kama bomba lingalitoboka, chumvi hiyo ya hatari ingalimwagika. Basi walijikinga kwa njia tatu.

Kwanza, mabomba yalifanywa kwa nikeli iliyochanganywa na molibdeni, na kromi kidogo tu, sehemu 7 katika 100. Maana kisichokuwapo hakiliwi. Pili, waliisafisha chumvi na kuikinga na maji, kwa kuwa maji yakiingia katika floraidi za moto hufanyika asidi kali. Tatu, walitumbukiza kijiti cha madini iitwayo berili. Berili huliwa upesi kuliko kromi, na ukali wa chumvi hupungua.

Mtambo ulizimwa mwaka 1969. Mabomba yalipochunguzwa, ilionekana kwamba chumvi ilikuwa imeyala kidogo sana. Lakini juu yake palikuwa na nyufa ndogo, kazi ya teluri, kitu kizaliwacho urani ipasukapo. Adui wa kwanza alizuiliwa, kumbe wa pili alikuwa amekwisha ingia. Wataalamu hawakukata tamaa. Wakajaribu tena, wakaona kwamba niobi kidogo ikichanganywa na nikeli ile, nyufa hupungua.

Maswali
1. Nguo ya chuma ni nini?
2. Kwa nini kromi ilitiwa kidogo tu?
3. Berili ilisaidia namna gani?